Nywele, Ukungu na Shangazi Yako

Mwanangu Rukia,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Umeteremka Soni tangu adhuhuri kuaga marafiki zako, umevaa viatu vipya nilivyokukataza usivivae mpaka siku ya safari, na manyunyu haya bila shaka yameshakuharibia nywele. Na yangu unaijua. Nimekaa kibarazani na daftari langu la kisomo cha watu wazima, mguu mmoja juu ya tenga la kabichi. Leo sikwenda shamba la kijiji. Nilimwambia balozi wa nyumba kumi kwamba kesho mwanangu anaondoka, akasema hata yeye asingekwenda.

Mambo ya safari sitakuandikia. Sanduku umelifunga mwenyewe, nauli unayo, barua ya chuo unayo, na katika kuswali na kusoma hukuwahi kuhitaji fimbo. Nataka kukuandikia habari za nywele. Usicheke kwanza. Juzi ulipokuwa unaanua nguo uliniuliza, huko Tanga ambako hewa yenyewe ina maji, nywele zako utazifanyaje na nani atakusuka. Nikakujibu ovyo kwamba kinyozi hajinyoi, utatafuta wenzio bwenini. Halafu jioni yake tukazungumza safari, nikasema utashuka Mombo, ulale kwa Shangazi Zubeda, na asubuhi akupandishe basi la Tanga. Ukanijibu, kwa adabu kabisa, kwamba ni afadhali ulale stendi juu ya sanduku lako.

Majibu hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, langu na lako. Unaweza kudhani nywele ni jambo moja na shangazi ni jingine. Kwetu sisi ni jambo moja, na nataka ulijue kabla basi halijamaliza zile kona za kuteremkia Mombo. Barua hii nitakupa mkononi pale Soni. Ukishakaa kitini, soma.

Nianze na nywele, maana huko ndiko kwepesi.

Nywele zako ni za mama yako. Nyingi, ngumu, zenye akili zao. Jua likiwaka hulala, ukungu ukishuka zinaamka, zinavimba, zinakumbatiana, na kitana kikiingia hakitoki na meno yake yote. Mama yako alikuwa akisema nywele hizo zinajua mvua kabla ya bwana shamba. Ni kweli. Mara ngapi nimeahirisha kuanika maharage kwa kukutazama wewe kichwani asubuhi, na sikujuta.

Mimi mwanzoni sikujua lolote. Unakumbuka nilivyonunua mafuta ya nazi kwa mara ya kwanza? Nilisikia wanawake wa pwani wanayasifu, nikayaleta huku juu mwezi wa saba, baridi ile inayokata masikio. Yakaganda chupani. Mwenye akili angeyaweka juani au karibu na jiko. Mimi nikayachokonoa kwa kijiti nikakupaka hivyo hivyo, mabonge mabonge, ukaenda shule una vipande vyeupe kichwani. Mwalimu wako akauliza kama nyumbani tunapaka nyumba chokaa. Ulirudi umenuna mpaka kesho yake.

Huko Tanga mafuta ya nazi hayagandi, kwa hiyo shida yake ni nyingine: ukizidisha, yatateremka na jasho mpaka kwenye kola. Paka kidogo sana, kwenye ncha tu. Hapo kwenye ngozi ya kichwa tumia mafuta ya nyonyo, hayo mazito, kwa ncha ya kidole. Ukitaka kuchana, chana zikiwa na unyevu na mafuta, tena anzia nchani ndipo upande juu. Nilikuwa naanzia kwenye shina kama mtu anayeng'oa magugu, na machozi yako sikuyaelewa. Lakini ukitaka kusuka, ngoja zikauke kabisa. Hewa ya huko ina maji mwaka mzima, zitachukua muda, wewe ngoja. Usifunge maji ndani ya uzi. Hili nalijua kwa gharama ambayo nitakueleza sasa hivi.

Na zikivimba saa sita mchana, mbele ya darasa, ziache zivimbe. Nywele hizi hazitaki vita. Nimepigana nazo mimi, na hata siku niliyodhani nimeshinda, nilishindwa vibaya kuliko siku zote.

Sasa nisogee kwenye jambo lenyewe.

Mama yako alikusuka siku ya Alhamisi, hapo mlangoni, mistari minane kwa uzi mweusi. Jumamosi akaanza homa. Jumatano iliyofuata tukamzika. Wewe ulikuwa na miaka saba, na sijui unakumbuka kiasi gani. Mimi nakumbuka kwamba siku zile za msiba watu walikuwa wakikushika kichwa wakisema kasukwa vizuri huyu, na kila aliyesema hivyo aliondoa mkono upesi.

Msiba ulipotulia majirani walitaka kukufumua. Ukakataa. Ulishika kichwa kwa mikono miwili ukasema, "Ni za mama." Nikawaambia wakuache. Ikapita wiki ya tatu, ya nne, ya sita. Masika yakaingia, na unajua ukungu wetu ukiamua kukaa hukaa, unaingia mpaka kwenye unga. Ulikuwa unatoka mvuani nywele zimelowa ndani ya uzi, hazikauki, kesho zinalowa tena. Zikaanza kushikana. Zikatoa harufu ya gunia lililosahauliwa shambani.

Shangazi yako akapanda kutoka Mombo na chupa ya mafuta ya nyonyo. Hakukulazimisha. Alikaa siku mbili anakupikia na kukusimulia hadithi, hakugusa kichwa chako. Siku ya tatu akakuambia kwamba kila uzi atakaoutoa atakupa wewe, uushike mwenyewe, hakuna atakayekunyang'anya. Ukakubali. Siku hiyo kutwa nzima alifumua mistari miwili tu, unywele kwa unywele, mafuta kidogo, vidole kidogo, na wewe umekaa katikati ya magoti yake umekamata nyuzi. Jioni akaniambia, kaka, kwa mwendo huu tutamaliza baada ya siku tatu au nne, na mtoto hatapoteza hata unywele mmoja.

Siku tatu au nne mimi sikuwa nazo. Kijiji chetu ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza ujamaa, nami nilikuwa nimechaguliwa katibu wa shamba la pamoja. Cheo kidogo hulevya upesi, mwanangu. Wageni wa wilaya walikuwa waje keshokutwa kulitazama shamba, watoto wawaimbie, na mwalimu alikuweka wewe mstari wa mbele kwa sababu ya sauti yako. Tena siku hiyo hiyo mwenye duka alikuwa ameniuliza mbele ya watu kama kichwani mwa mwanangu nimefuga kuku. Wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kisha nikarudi na neno hilo nyumbani.

Kesho yake Shangazi aliteremka Soni sokoni. Wewe ulikuwa umelala mkekani, mchana, mvua inanyesha kama leo. Nikaazima mkasi kwa fundi cherehani jirani yetu. Rukia, nilikata mistari yote sita iliyobaki, na pale palipofumuliwa nikapasawazisha. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Nikazitia nywele motoni pamoja na nyuzi zake ili ukiamka usizione. Nilijiambia nakuondolea tabu. Hapana, huo nao ni uongo. Nilikuwa nimechoka kuchekwa.

Ulipoamka ukajipapasa. Hukulia mara moja. Ulinitazama ukaniuliza, "Nani kanikata?"

Nikakuambia ni shangazi yako. Nikakuambia alisema zina maradhi, akazikata, akaenda zake sokoni. Nilizungumza upesi na vizuri kabisa, kama mtu aliyekariri, wakati sikuwa nimepanga neno hata moja. Mpaka leo hunitisha jinsi lilivyotoka kwa urahisi.

Hukuwa na maradhi yoyote. Hukuwa na chawa hata mmoja. Na aliyekukata ni mimi.

Shangazi akarudi saa kumi amekuletea matunda damu kwenye kanga. Ukamgeuzia mgongo. Akakitazama kichwa chako, akautazama mkasi juu ya meza, akanitazama mimi. Alinivuta kwa mkono mpaka nyuma ya nyumba, migombani, nami nikajiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alilia kwanza, muda mrefu, akimlilia mama yako upya. Aliponyamaza nikamweleza nilivyokuambia, nikasema naingia ndani sasa hivi nikanushe.

"Usiende," akasema. "Mama hana tena. Akikuchukia na wewe atabaki na nani? Acha anichukie mimi. Mimi Jumamosi narudi Mombo."

Nikabisha kidogo, nakiri ni kidogo tu, maana moyoni nilikuwa nimeshapata nafuu. Akanishika bega akaongeza, "Lakini akikua umwambie kwa mdomo wako."

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka kumi. Mdomo umenishinda, ndiyo maana leo natumia kalamu, na Zubeda akinilaumu kwa hilo atakuwa na haki.

Wageni wenyewe hawakuja. Gari lao lilikwama kwenye tope chini huko, wakageuza. Hukuimba siku ile wala siku nyingine mwaka ule.

Sasa nikupe upande wa pili, ambao pia nilikuficha. Nywele zilianza kuota, na nikaapa kwamba safari hii nitazitunza mwenyewe. Watu waliniambia nioe ili mtoto apate wa kumsuka. Nikawajibu mke haolewi kwa ajili ya kitana. Lakini kusuka sikujui, na mwanamume wa Kisambaa atakwenda kujifunza kwa nani bila kijiji kizima kujua? Nikaenda kwa Zubeda. Kila Jumamosi alipopanda kuuza nazi na chumvi sokoni Soni, nilikuwa nateremka na kabichi zangu, na soko likipoa tunakaa nyuma ya matenga. Alikuwa anafunga fungu la katani kwenye mpini wa tenga, anagawa mafungu, anasema haya, kaka, suka. Nilisuka katani miezi miwili. Wachukuzi walinicheka mpaka wakachoka, na mmoja wao akaniletea katani yake nimsokotee kamba. Nyumbani nilifunga nyingine kwenye nguzo ya banda la mbuzi, nikawa nafanya mazoezi ukiwa shule.

Siku ya kwanza nilipokusuka wewe mwenyewe, ulijitazama kwenye kioo cha mama yako, mistari imekwenda upogo, minene hapa, myembamba pale. Ukaniuliza, "Tate, umenisuka au umenilima?" Nilicheka nikatoka nje, na huko nje nikalia kidogo kwa furaha, maana ulikuwa hujanitania tangu msiba.

Tangu hapo ukaniamini kichwa chako. Kila Ijumaa, wewe chini, mimi kwenye kigoda, mvua na jua. Nataka ujue kwamba hizo ndizo saa nilizopenda kuliko zote katika maisha yangu. Ulinisomea masomo yako yote umenipa kisogo. Jiografia yote ninayoijua niliipata kwa kukugawa nywele, na nilipojiandikisha kisomo mwalimu alishangaa mzee huyu mito ya Afrika kaijulia wapi.

Lakini kila kitu nilichokifanya kichwani kwako kilitoka kwake. Kugawa kwa ncha ya kijiti, kushika kwa vidole viwili ili ngozi isivutike, kuacha nywele za kwenye paji zilegee ukungu unapokuja, twende kilioni ya siku za shule na mabutu ya sikukuu. Ile chupa ya mafuta ya nyonyo aliyokuletea kila Idd ukaikataa kwa heshima, ukasema tunayo ya baba, nilikuwa naimimina kwenye chupa yangu akishaondoka. Hatujawahi kununua mafuta ya nyonyo, Rukia. Yote ni yake, anakamua mwenyewe. Miaka kumi umemwamkia shikamoo ukitazama chini, na miaka kumi mikono yake imekusuka kila Ijumaa.

Sikuandiki haya ili nikupe mafunzo. Utakuwa mwalimu, mafunzo utakuwa nayo mengi kuliko mimi. Ila kuna moja limenikaa. Siku moja watakuletea darasani mtoto mwenye kichwa ambacho hakishikiki, na mkaguzi yuko njiani. Utaona mkasi ulipo. Muulize mtoto kwanza ni nani aliyemsuka. Mkaguzi huenda hata asifike.

Unaweza kuuliza kwa nini sikusema ulipokuwa na miaka kumi, au kumi na tatu, au mwaka jana. Kila mwaka nilikuwa na sababu nzuri. Mara una mtihani, mara unaumwa, mara tumefurahi sana siku hiyo na kwa nini niharibu. Kweli ni kwamba ulikuwa unanitazama mimi kama mtu asiyeweza kukudhuru, na nilipenda kutazamwa hivyo. Nimeishi vizuri, Rukia. Nyumba imesimama, shamba linatoa, wewe umefaulu, na nikiketi hapa jioni nikatazama moshi wa majirani nashukuru Mungu, sina ninalomdai. Ila furaha yangu nyingine niliikalia juu ya mgongo wa dada yangu, na yeye hakuwahi kuniambia niteremke.

Hujui hata alivyo. Kwa sababu ya uongo wangu hujapata kumjua. Ni mcheshi kuliko mimi, anaigiza watu wote wa soko la Soni na mimi nikiwemo, na alikuwa rafiki wa mama yako kabla mimi sijamwona mama yako. Yeye ndiye aliyetukutanisha. Mambo ya mama yako ambayo umekuwa ukiniuliza nikashindwa kuyajibu, alipenda nini alipokuwa msichana, alicheka vipi, alimwogopa nani, Zubeda anayo yote. Nilikunyima na hayo, na hili ndilo linaloniuma kuliko nywele.

Sikuombi unisamehe kati ya Soni na Mombo. Kona zile ni nyingi lakini hazitoshi. Nikasirikie. Ukifika Tanga uniandikie barua ya hasira, ndefu unavyotaka, nami nitaisoma yote kwa sauti kama tunavyofundishwa kisomoni. Ulipokuwa na miaka saba, Zubeda aliogopa ukinichukia utabaki peke yako. Sasa umekua. Unaweza kunikasirikia mimi na bado ukabaki na mtu.

Atakuwa stendi Mombo. Hajui kwamba nimekuandikia. Atasimama mbali kidogo na mlango wa basi, kwa kuwa amezoea kwamba hupendi akusogelee, na atapokea sanduku lako kabla ya kupokea mkono wako.

Jambo moja tena. Kesho asubuhi utakuja na kigoda na kitana unitake nikusuke kabla ya safari, nami nitakataa. Nitakuambia vidole vinaniuma kwa baridi. Utakapokuwa unasoma mstari huu nitakuwa nimeshakuambia, nawe utakuwa umenionea huruma. Si kweli, mwanangu. Vidole vyangu ni vizima, na huo uwe uongo wangu wa mwisho kwako. Nilitaka ufike Mombo nywele zimevimba zote kwa ukungu, na mtu wa kukusuka yupo.

Baba yako